Kupiga kambi kwenye hifadhi ya pwani: panga safari kwa kufuata maji

Anayekwenda kupiga kambi bara huuliza kwanza barabara, kisha mvua, kisha kuni. Pwani, swali la kwanza ni maji: yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, na mwezi umefikia wapi. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia ufike lini, hema lisimame wapi, watoto waogelee saa ngapi, na kama njia ya chini ya miamba itapitika au haitapitika. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na bahari. Mizigo itafuata.

1. Lielewe jedwali la maji kabla ya kuchagua tarehe

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2 katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kati ya kujaa kumoja na kujaa kwingine hupita takriban saa 12 na dakika 25, na kila siku nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukikaa siku kadhaa utaliona jambo hili kwa macho: ufukwe uliokuwa mpana saa 3 asubuhi siku ya kwanza, saa hiyohiyo siku ya nne utaukuta maji bado hayajamaliza kushuka. Ziko pia pwani, kama sehemu za Ghuba ya Meksiko, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku. Kwa hiyo tafuta jedwali la mahali unapokwenda hasa, wala usitegemee la bandari ya mbali. Kama nchi hiyo husogeza saa wakati wa kiangazi, angalia pia jedwali limeandikwa kwa saa zipi.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja. Hapo ndipo yanapokuja maji ya bamvua: yanajaa juu kabisa na kupwa chini kabisa, kwa kawaida siku 1 au 2 baada ya mwezi kufikia hali hiyo. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ikawa ndogo. Kiasi chenyewe hutegemea umbo la pwani. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, tofauti inaweza kufika mita 16, ilhali sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania haifiki hata nusu mita.

Sasa jambo ambalo kila mpiga kambi wa pwani anapaswa kulikariri. Maji hayapandi kwa kasi moja. Gawa urefu wote wa kupanda katika sehemu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani ndani ya saa 2 za katikati maji hupanda nusu ya safari yake yote. Chukua pwani ambayo tofauti ni mita 4: saa ya kwanza maji hupanda sentimita 33 tu, na mtu aliyeketi juu ya mwamba hana habari. Saa ya tatu hupanda mita nzima. Kama ufukwe unateremka taratibu, mita 1 kwa kila mita 50, mita hiyo moja ya kimo ni mita 50 za mchanga zilizomezwa ndani ya saa moja. Watu wanaonaswa kwenye vighuba vyenye kuta za miamba hunaswa katika saa hizo za katikati, baada ya kudanganywa na upole wa saa ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba jedwali hukokotolewa kwa mwendo wa mwezi na jua. Halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka kwa hektopaskali 1, usawa wa bahari hupanda karibu sentimita 1, na upepo mkali unaovuma kutoka baharini huyarundika maji ufukweni juu ya hapo. Bamvua likikutana na dhoruba, mstari wa maji ulioandikwa kwenye jedwali si wa kuaminiwa tena.

Kwa maoni yangu tarehe ichaguliwe kwa kazi iliyokupeleka. Ukienda na watoto wadogo wanaotaka kuogelea, chagua siku za maji mafu, kwa sababu mikondo huwa dhaifu zaidi na ufukwe haubadiliki sana kati ya asubuhi na jioni. Ukitaka kutazama madimbwi ya kwenye miamba, konokono, kaa na samaki wadogo waliobaki ndani yake, nenda wakati wa bamvua, maana maji yakipwa hapo huacha wazi sehemu ambazo siku nyingine hazionekani kabisa.

2. Weka nafasi, na uulize maswali haya

Maeneo ya kambi yaliyo karibu na bahari hujaa mapema kuliko mengine yote. Hifadhi nyingi hufungua uwekaji wa nafasi miezi kadhaa kabla, baadhi miezi 6 kamili, na za siku za mapumziko huisha upesi. Ukipata nafasi, usiishie kulipa. Piga simu au uandike uulize: Je, maji ya bomba yapo na yananyweka? Moto wa wazi unaruhusiwa msimu huu? Kutoka maegesho ya gari hadi kwenye hema ni mita ngapi, na njia ni ya mchanga? Lango hufungwa saa ngapi? Kuna sehemu zilizofungwa kwa sababu ya kasa au ndege wanaotaga? Barabara au njia yoyote ya hifadhi hufunikwa na maji yakijaa?

Swali la umbali wa kubeba mizigo hupuuzwa sana, na ndilo linaloamua ubebe nini. Mita 300 za mchanga mkavu ukiwa na ndoo ya maji ni kazi kubwa kuliko kilomita moja ya njia ngumu.

Soma pia maelezo ya hifadhi yenyewe kwa makini, kwa sababu kila pwani ina tabia yake. Katika Kisiwa cha Assateague, Marekani, kwa mfano, wageni huelekezwa kuja na vigingi virefu vya mchangani, hutahadharishwa kuhusu mbu wengi wa kiangazi, na huambiwa wafungie chakula mahali salama kwa sababu farasi wasio na mwenyewe hutembea huru hadi kambini. Hakuna orodha ya jumla ya vitu vya kambi itakayokukumbusha farasi.

3. Mizigo: yale ambayo pwani huyadai

Hema lolote zuri litafaa, ila vigingi vyake vya kawaida havitafaa. Kigingi chembamba cha chuma kikichomekwa kwenye mchanga mkavu hutoka kwa upepo wa kwanza. Beba vigingi virefu na vipana vya mchangani, au ubebe mifuko imara ya kitambaa. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba ya hema katikati yake, uchimbe shimo la sentimita 30 hadi 50, uulaze humo, ufukie na ukanyage. Kamba iinuke kutoka shimoni kwa mlalo kuelekea hemani, isiende wima. Kijiti kinene kilicholazwa na kufukiwa namna hiyohiyo hufanya kazi ileile. Mfuko uliofukiwa vizuri hushika kuliko kigingi chochote nikijuacho, na siku ya kuondoka unamwaga mchanga wake palepale.

Maji ya kunywa na ya kupikia: hesabu lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, na uongeze kama ni joto au mtapiga makasia. Usijidanganye kwamba bahari ni akiba. Lita 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na kuyachemsha hakuitoi hata chembe. Maji yanapungua, chumvi inabaki. Maji ya kijito kinachoingia baharini, hata ukiyachemsha, yanaweza kuwa na chumvi wakati bahari imejaa.

Kivuli ni cha lazima. Turubai lenye nguzo 2 na kamba ndefu linatosha, mradi uweze kulishusha upesi upepo ukizidi. Hema si kivuli cha mchana: ndani yake joto hupanda kuliko nje. Beba mafuta ya kujikinga na jua ya kiwango cha 30 au zaidi, kofia pana na shati la mikono mirefu la kuogelea nalo. Mafuta hupakwa upya kila baada ya saa 2 na kila ukitoka majini. Kukaa chini ya mwavuli hakutoshi, kwa kuwa mchanga mkavu hurudisha karibu asilimia 15 ya mionzi inayounguza, na povu la mawimbi karibu asilimia 25. Kama hifadhi ina matumbawe, soma viambato kwenye chupa, kwani baadhi ya kemikali za mafuta haya hudhaniwa kuyadhuru. Palau, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ilipiga marufuku mafuta yenye kemikali kama oksibenzoni na oktinoksati kuanzia tarehe 1 Januari 2020, na jimbo la Hawaii likazuia uuzaji wa yenye kemikali hizo mbili kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Shati la kuogelea hupunguza mafuta unayohitaji, na hilo ndilo jibu ninalolipenda zaidi.

Yanayobaki kwa kifupi: viatu vya kuingia navyo majini, maana miamba na chaza hukata; tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu; chandarua chenye matundu madogo, kwa kuwa usubi hupita kwenye chandarua cha mbu; filimbi; pawabenki ndani ya mfuko usiopitisha maji; brashi ndogo ya kufagia mchanga; mkeka wa kuweka mlangoni. Kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza ongeza kibano, siki, na chupa ya maji safi ya kuoshea macho.

4. Kuchagua mahali na kusimika hema

Fika mapema, angalau saa 3 kabla ya jua kuzama. Kazi ya kwanza si kushusha mizigo bali kutembea.

Tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na maganda ya chaza ulioachwa na bahari. Mara nyingi iko mistari 2. Wa chini ni wa jana au leo. Wa juu, ambao wakati mwingine umejificha kwenye nyasi, ni wa bamvua au dhoruba iliyopita. Hema liwe juu ya mstari wa juu, na liwe mbali nao. Hifadhi nyingi haziruhusu kabisa kulala mchangani na hukupa kiwanja chenye namba nyuma ya matuta. Ukipewa hicho, kaa hapohapo.

Usisimike juu ya matuta yenye mimea. Ile mimea inayotambaa kwenye mchanga ndiyo inayoushika. Ikikanyagwa ikafa, upepo huutoboa ukingo wa tuta, na bahari hupata mlango wa kuingilia nyuma yake. Pita kwenye njia zilizowekwa hata kama ya mkato inaonekana fupi. Usisimike pia chini ya jabali la pwani: mawimbi hula msingi wake, mvua hulegeza kilele, na vipande huanguka bila kutoa taarifa. Vilevile epuka mdomo wa kijito, kwani mvua ikinyesha milimani kijito hutanuka usiku mmoja.

Upepo una ratiba yake. Siku ya jua, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake ikapanda, na hewa ya baharini ikaja kuziba nafasi. Upepo huo wa baharini huanza kati ya asubuhi na adhuhuri, huwa na nguvu zaidi alasiri, hutulia jua linapozama. Usiku mambo hugeuka, na upepo mwepesi hutoka bara. Kwa hiyo hema lililosimikwa saa 2 asubuhi katika utulivu mtupu halijajaribiwa bado. Upande mwembamba uliofungwa uelekee baharini, mlango uelekee pembeni au bara. Mandhari ya bahari kutoka kitandani inapendeza kwenye picha. Mlango unaoelekea upepo hujaza mchanga katika kila mshono wa begi lako. Funga kamba zote, hata zile zinazoonekana za mapambo, na uache matundu ya juu wazi, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi na hema lililozibwa kabisa hutiririka maji ndani kufikia alfajiri.

5. Ipange siku kwa kufuata maji na jua

Andika nyakati za kujaa na kupwa za siku zote utakazokaa kwenye karatasi, uibandike ndani ya hema. Simu huzimika.

Matembezi ya ufukweni na kwenye miamba yaanze maji yakiwa bado yanapwa, saa 1 au 2 kabla ya kufika chini kabisa. Weka kengele ya kugeuka nyuma wakati wa kupwa kabisa, popote ulipofika. Ukifuata kanuni hiyo, safari ya kurudi itakuwa ndani ya saa za polepole za kupanda kwa maji. Kwenye madimbwi, jiwe ulilolifunua lirudishe lilivyokuwa, maana viumbe vya upande wa chini hufa juani.

Kupiga makasia kwa kayaki kunafaa asubuhi, kabla ya upepo wa baharini kuamka. Vaa jaketi la kujiokoa. Kulibeba tu ndani ya kayaki hakusaidii. Jihadhari kwa dhati na upepo unaotoka bara: maji ya karibu na ufukwe huonekana laini, lakini kila mita unayokwenda mbele upepo unaongezeka nguvu na kurudi kunakuwa kugumu. Maboya ya kupuliza, yale ya umbo la duara au la mnyama ambayo watoto huyapenda, yasiingie baharini siku kama hiyo. Fukwe nyingi zenye waokoaji hutundika mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa kutoa onyo hilo.

Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri jua liko kwenye makali yake. Huo ni muda wa kivuli, chakula, usingizi na kusoma. Usiupiganie.

Watoto na mchanga: mashimo yasizidi kina cha goti la mtoto mdogo kuliko wote, na mapango ya kuchimba ubavuni mwa matuta yasichimbwe kabisa. Mchanga huporomoka kwa sekunde moja na humkandamiza mtu kifua asiweze kupumua, na kila unachokichota kinajazwa na kingine. Mchezo ukiisha, mashimo yafukiwe.

6. Kuogelea, na mkondo unaovuta kwenda baharini

Kama kuna waokoaji, ogelea kati ya bendera zenye nusu nyekundu na nusu njano. Bendera nyekundu ni hatari kubwa, na nyekundu 2 pamoja zina maana kwamba maji yamefungwa. Zambarau huonya kuhusu viumbe wanaodhuru, kama konyeza, kiumbe laini cha baharini chenye mikia inayochoma. Nyeusi na nyeupe za mirabaraba hutenga eneo la vyombo na mbao za mawimbi, si la waogeleaji.

Pasipo waokoaji, simama mahali palipoinuka utazame maji kwa dakika 10 kabla ya mtu yeyote kuingia. Mawimbi huleta maji ufukweni, na maji hayo lazima yarudi. Hurudi kwa kukusanyika kwenye mfereji kati ya kingo za mchanga au kando ya mwamba, yakitoka kwa nguvu kuelekea kina kirefu. Kutoka juu utaona ukanda ambao mawimbi hayavunjiki, maji yake yakiwa meusi zaidi au yenye mchanga uliotibuliwa, na povu likielekea nje. Kinachosikitisha ni kwamba ukanda huo huonekana mtulivu kuliko pande zake, na wageni wengi huuchagua kwa sababu hiyohiyo. Mikondo mikali huzidi mita 2 kwa sekunde, kasi inayomshinda hata mwogeleaji wa Olimpiki.

Ukikamatwa, usipigane kurudi moja kwa moja ufukweni. Mkondo huo hukuvuta kwenda nje. Hauvuti kwenda chini. Lala chali, uelee, upumue, uinue mkono mmoja kuomba msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda huo, ndipo ufuate mawimbi yanayovunjika kurudi. Ukiwa nje na mwenzako yuko matatani, mtupie kitu kinachoelea: chupa tupu ya lita 5 iliyofungwa kifuniko, sanduku la barafu, boya. Baadhi ya waliokufa katika mikondo hii walikuwa wameingia kuokoa mtu bila kitu chochote cha kuelea.

7. Viumbe wa majini na wa kambini

Konyeza aliyekufa ufukweni bado anachoma, kwa hiyo watoto wasimguse. Mtu akichomwa, mtoe majini, uondoe mikia iliyoganda kwa kibano, bila kusugua kwa mchanga wala taulo. Usimwoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani yanaweza kufyatua seli nyingine za sumu. Na ule ushauri wa mkojo ni wa kuachwa. Siki inafaa kwa konyeza wa umbo la sanduku, ambao ndio hatari zaidi, lakini si kwa aina zote. Hivyo ukifika muulize askari wa hifadhi ni aina gani wanaopatikana hapo na huduma gani inayotakiwa. Ugumu wa kupumua, kutapika au maumivu ya kifua ni safari ya hospitali mara moja.

Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani penye maji mafupi. Tembea kwa kuburuza miguu, naye ataondoka kabla hujamkanyaga. Akichoma, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi joto 45 za selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, kisha uende kwa daktari, kwani kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani. Pima maji kwa mkono usiojeruhiwa, maana mguu wenye maumivu hauhisi joto vizuri. Mwiba ukiingia kifuani au tumboni, usiuchomoe, ita msaada.

Chakula chote kikae ndani ya gari au kwenye sanduku gumu lenye kufuli, usiku na mchana. Shakwe hupasua mfuko wa plastiki kwa dakika moja, na mnyama aliyezoea chakula cha wageni huishia kuwa mkali, kisha kuondolewa. Sili wakiwa wamelala ufukweni, kaa angalau mita 50 kutoka kwao.

8. Jiko na moto

Jiko la gesi lenye kinga ya upepo ndilo ninalolipendekeza, kwa sababu katika hifadhi nyingi za pwani moto wa wazi hukatazwa wakati wa kiangazi. Lisiwashwe ndani ya hema hata mvua ikinyesha, wala jiko la mkaa lisiingizwe ndani ili kupasha joto, hata kama mkaa unaonekana umezimika. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na watu hufa usingizini.

Moto ukiruhusiwa, uwashwe penye uwazi, chini ya mstari wa mimea. Magogo yaliyoletwa na bahari yaache: yamejaa chumvi, na yakiungua hutoa moshi wenye sumu, isitoshe, ndiyo yanayoushika mchanga na kuwa makao ya wadudu wanaoliwa na ndege. Zima kwa maji mengi, ukoroge, umwagie tena mpaka uweze kugusa majivu kwa mkono. Kamwe usifukie makaa kwa mchanga. Mchanga huyatunza yakiwa moto kwa saa nyingi na kuyaficha machoni, na anayeyagundua kesho yake ni mtoto anayekimbia pekupeku.

9. Usiku, na siku ya hatari

Kama ni msimu wa kasa, usiku wa ufukweni ni wao. Kasa jike hupanda kutaga gizani, na mwanga mweupe au watu wanaotembeatembea humfanya arudi baharini bila kutaga. Mayai hukaa mchangani takriban miezi 2, na vifaranga wakitoka huelekea upande wenye mwanga zaidi. Kwa asili upande huo ni bahari. Taa ya kambi yako inaweza kuwavuta kwenda nchi kavu wakafa. Tumia mwanga mwekundu, hafifu, ulioelekezwa chini. Viti na turubai visiachwe mchangani usiku. Ukimkuta kasa, kaa kimya nyuma yake kwa mbali, bila picha ya mwanga wa ghafla.

Ukisikia ngurumo, ondoka ufukweni na majini mara moja, uingie kwenye gari lililofungwa au jengo imara, ukae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi.

Na hili liwe wazi kwa kila mtu kambini, watoto pia: ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, bahari ikirudi nyuma ghafla ikaacha samaki wazi, au sauti kubwa ya mngurumo ikatoka baharini, kimbieni kwenda juu. Msisubiri king'ora, msikusanye mizigo. Tarehe 26 Desemba 2004, kwenye pwani kadhaa za Bahari ya Hindi, watu walishuka kutazama bahari iliyokuwa imerudi nyuma, na wimbi likawakuta hapo. Siku ya kwanza ya kambi, tembeeni pamoja njia ya kwenda mahali pa juu, mjue ni dakika ngapi. Tsunami huja kwa mawimbi mengi yanayofuatana kwa saa kadhaa, kwa hiyo msishuke mpaka mamlaka iruhusu.

10. Choo, taka, na kuvunja kambi

Tumia vyoo vya hifadhi. Pasipo na choo, mfuko wa kubebea kinyesi ni bora kuliko shimo la mchangani, kwa sababu mchanga una vijidudu vichache vya kuozesha na upepo hufukua kila kitu. Vyombo na miili isioshwe kwa sabuni kwenye kijito, hata sabuni iitwayo rafiki wa mazingira. Maji machafu yamwagwe angalau mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, au kwenye sinki la hifadhi kama lipo. Uzi wa kuvulia samaki, vifuniko vya chupa na vipande vidogo vya kamba ndivyo husahaulika zaidi, navyo ndivyo hunasa ndege.

Vunja kambi asubuhi kabla ya upepo. Tikisa hema likiwa bado limesimama, milango wazi, kisha ufagie pembe. Zipu isafishwe kwa brashi kabla ya kuvutwa, kwani chembe za mchanga hula meno yake. Ukifika nyumbani, osha hema, zipu, nguzo, jiko na vigingi kwa maji safi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi huvuta unyevu na kuendelea kula chuma hata ndani ya mfuko. Anika kivulini mpaka mishono yote ikauke kabisa, ndipo ukunje.